Daftari la Mishale Kumi na Mmoja

Mume wangu husema kwamba mimi sinunui madaftari, nayanusa. Hajakosea. Nikiingia duka la vitabu nafungua daftari katikati, nainamisha pua, navuta pumzi, na mwenye duka ananikazia macho akidhani nina kasoro. Nyumbani nina kabati zima la madaftari: yenye majalada ya ngozi, yenye majalada ya kitenge, hata moja la karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha ndovu, ambalo wageni hupenda kulishika kabla sijawaambia ni nini. Mengi hayana hata neno moja ndani. Watoto wangu wamechoka kuniuliza nayawekea nini.

Juzi binti yangu wa mwisho alipika gundi ya unga wa ngano kwa kazi ya shule. Niliposikia ile harufu ya unga mbichi unaoanza kuiva, niliacha nilichokuwa nikifanya nikaketi kwenye kiti cha jikoni. Binti akauliza, "Mum, uko sawa?" Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa tu nimerudi Kitengela, kwenye chumba chetu cha kupanga katika ploti, nikiwa na miaka kumi na mmoja na vidole vilivyogandiana.

Wakati huo Kitengela ilikuwa inajengwa kila upande. Nyumbu walikuwa bado wanapita karibu na nyumba msimu wa ukame, na asubuhi nyingine ungekuta samadi yao pale ambapo jana fundi alikuwa amepima msingi. Penye ujenzi kuna mifuko ya simiti, na mfuko wa simiti wa siku zile ulikuwa wa karatasi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la nje lilikuwa vumbi tupu, lakini la ndani lilikuwa safi, gumu, la rangi ya chai ya maziwa. Mafundi walinijua. Wakiniona wananiita, "Msichana wa mifuko, kuja, leo ziko tano!" nami naibeba kifuani hadi nyumbani, nikifika nimekuwa mweupe kama mwokaji mikate.

Hayo yalikuwa majalada. Karatasi za ndani zililetwa na baba. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Kajiado mjini, analala huko siku za kazi na kurudi kwetu kila Ijumaa jioni. Mashine yao ya kuchapisha ilikuwa ikiharibu karatasi nyingi, upande mmoja una maneno yaliyopinda na upande wa pili ni mweupe. Aliomba ruhusa azichukue zile ambazo zingechomwa, akawa ananiletea furushi chini ya kwapa. Mimi nilizikunja maneno yakaingia ndani, weupe ukabaki nje. Baba alikuwa mtu wa kusifu. Kila daftari nililomwonyesha alilipokea kwa mikono miwili. "Aisee! Hii imeshinda za duka! Nekesa, wewe ni fundi!" Siku moja nilimpa moja nililokuwa nimelishona juu chini na bado akasema imeshinda za duka. Nilimpenda sana baba, lakini hata mtoto hujua sifa inayotolewa bila kuangalia.

Mama hakusifu. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, upande wa kukagua. Wenyewe waliita kwaliti. Nguo zikitoka kwa washonaji zilipita mikononi mwake kabla ya kufungwa na kupelekwa ng'ambo, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekuwa kigumu kwa kupapasa mishono mchana kutwa. Alitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi akiwa amechoka kiasi cha kujibu maswali kwa kichwa tu. Nilikuwa nimekaa na wazo, miaka mingi, kwamba mama hanipendi sana jinsi baba anavyonipenda. Sikumchukia kwa hilo. Niliona ndivyo alivyo.

Uzi ndio uliotoka kwake: mabaki yaliyosalia kwenye koni, ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua. Jumapili baada ya kanisa nilitandaza gunia mlangoni nikaanza kazi. Nakunja karatasi nne nne, napiga mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, natoboa kwa msumari wa inchi mbili, nashona kwa sindano ya gunia, halafu gundi, halafu jalada, halafu naliweka daftari chini ya mtungi wa maji likauke likiwa limenyooka. Yaliyokauka niliyaweka katika katoni ya sabuni chini ya kitanda. Sikuandika ndani yake. Kuandika niliona ni kuharibu, kama kukanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Niliyatoa, nikayapanga kwa ukubwa, nikayafungua, nikayanusa, nikayarudisha.

Siku moja nikakuta mshale.

Ulikuwa stika nyekundu, ndogo kuliko ukucha, yenye umbo la mshale, imebandikwa kwenye uti wa daftari jipya. Nilijua umetoka kwa mama kwa sababu stika hizo zilikuwa zikirudi naye zimegandia kwenye mkono wa aproni yake. Wiki iliyofuata nikakuta daftari lingine lina minne. Niliketi chini pale kando ya kitanda, nikaihesabu tena na tena kwa furaha. Shuleni, ukifanya vizuri, mwalimu alikubandikia nyota. Basi mama, asiyekuwa na nyota, alikuwa akinibandikia alichokuwa nacho. Tena alikuwa akinionyesha hasa mahali palipomfurahisha: hapa, na hapa, na hapa. Sikumwuliza. Niliogopa nikimwuliza ataacha.

Kuanzia siku hiyo nilishona kwa ajili ya mishale. Daftari likikaa usiku mmoja ndani ya katoni, kesho yake nalikagua kama kuku anayetafuta mayai yake. Likipata miwili nasononeka. Likipata sita naimba njia yote ya kwenda shule. Kulikuwa na moja dogo, la karatasi nane tu, ambalo halikupata hata mshale mmoja, nalo nililisukuma chini kabisa ya katoni ili lisinitie aibu. Na kulikuwa na moja kubwa, nililolishona haraka haraka siku ya mvua, lililopata mishale kumi na mmoja. Hilo nililifunga kwa leso.

Darasani kwetu somo la kazi za mikono lilifundishwa na Madamu Nasieku, mwanamke mrefu aliyeingia akitusalimu kwa Kimaasai, "Supa!" na sisi sote, watoto wa kila kabila, tukajibu "Ipa!" kwa kelele ya kuezua mabati. Muhula wa pili alituambia kutakuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi kule Kajiado, na shule yetu itapeleka vitu vinne. "Kila mtu alete kitu moja tu, ile yenye anaona ni bora. Musiniletee gunia mzima."

Sikuwa na haja ya kufikiri. Nilitaka kwenda Kajiado kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, kwa sababu baba alikuwa huko, na nilijiona nikisimama mbele ya meza huku anawaambia makarani wenzake kwamba huyu ni wa kwangu. Ijumaa ilipofika nilifungua leso mbele ya darasa zima.

"Na hizi nyekundu ni nini?" Madamu Nasieku aliuliza.

"Ni za mamangu, Madamu. Yeye huweka moja kila mahali penye nimeshona poa. Hii iko na kumi na moja. Hakuna ingine imewahi kupata hivyo."

Mwende, msichana aliyekuwa ameleta kiondo alichofundishwa kusuka na nyanya yake wa Machakos, alinyoosha shingo kutoka dawati la nyuma. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa tu anajua jambo nisilolijua.

"Lakini si hizo ni za rijekti?" alisema. "Dadangu ako hiyo kampuni ya mamako. Hizo wanawekanga mahali nguo imeharibika."

Nilitazama mshale wa kwanza. Ulikuwa umeelekeza ncha yake kwenye tundu lililopasuka. Wa pili ulielekeza uzi uliolegea. Wa tatu, karatasi iliyochomoza. Mishale yote ilikuwa ikisema jambo moja tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimeileta darasani kwa kujigamba. Darasa lilipasuka kwa kicheko, na kabla ya kengele nilikuwa nimeshapewa jina. Waliniita Rijekti.

Madamu Nasieku aliwanyamazisha, akanirudishia daftari. "Niko na nafasi moja imebaki," alisema polepole, ili nisikie mimi tu. "Kiondo ya Mwende inaenda. Ya mwisho nitaamua Ijumaa ijayo. Niletee ingine, Nekesa. Na usiniletee yenye mtu mwingine amekuambia ni mzuri. Niletee yenye wewe mwenyewe unajua."

Jioni hiyo, baba akiwa bado hajafika, mama alikuwa ameketi kwenye stuli akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilivuta katoni kutoka chini ya kitanda, nikamwagia madaftari yote miguuni pake. Yalikuwa zaidi ya thelathini. Nilikuwa nimelia njiani hadi machozi yakakauka, ikabaki hasira tupu.

"Kama ni takataka si ungeniambia? Kwa nini unaweka alama ya kunicheka? Shule mzima wananiita rijekti!"

Mama hakuinua kichwa mara moja. Aliendelea kutoa vijiwe, kimoja, kingine. Kisha akaweka ungo chini.

"Nani amekwambia mshale ni ya takataka?"

"Mwende. Dadake ako kwenu."

"Dadake hufunga katoni. Hajui kazi yangu." Alichukua lile daftari la mishale kumi na mmoja akaliweka gotini. "Sikiza. Nguo ikiwa imeharibika kabisa, mimi siiwekangi mshale. Nachukua makasi nakata, inaenda kutupwa. Kwa nini nimalize mshale kwa kitu ya kutupwa? Mshale naweka kwa ile inaweza kupona. Inarudi kwa fundi, anaona mahali, anatengeneza, inakuja tena kwangu. Ikikuja mzuri, inaenda ng'ambo na watu wanavaa."

"Basi ungenieleza."

Alitabasamu kidogo, na nikaona kwamba yeye pia ameona haya. "Huko kwetu mashine inapiga kelele, mtu hasikii mwenzake. Mimi miaka yote naongea na mshale. Nilikuwa nangoja wewe utengeneze, kumbe wewe unabeba hivyo hivyo." Alipekua lile rundo mpaka akalipata lile daftari dogo la karatasi nane, lililokosa mshale. Alilifungua, akavuta uzi kwa kidole gumba, akalifunga. "Hii nilikosa mahali pa kuweka. Nilitafuta sana. Hata nilienda nayo kazini, nikaonyesha supavaiza."

Daftari langu lililonitia aibu lilikuwa limefika kiwandani kwenye mfuko wa aproni, likashikwa na supavaiza, na mimi sikujua. Nililia upya. Mara hii sikuwa na hasira, na mama hakunikataza.

Kesho yake tulianza. Nasema tulianza, lakini mama hakugusa sindano hata mara moja. Alisema fundi ni mimi, kazi yake yeye ni kuangalia. Nilikata kipande cha kadibodi nikakitoboa kwa vipimo, ili matundu ya kila mkunjo yakae mahali pamoja. Nilipitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa ili usikatike. Niliacha kupaka gundi kwa kidole nikatumia unyoya wa kuku. Daftari la kwanza lilirudi na mishale saba. Nililifumua lote. La pili likarudi na mitatu. Jumatano likarudi na mmoja, tena umebandikwa ndani kabisa ya uti, pale ambapo jalada likishafunikwa hapaonekani.

"Mama, huko hakuna mtu ataangalia!"

"Mimi nimeangalia," alisema, akaendelea kukoroga mboga.

Nikafumua tena. Nilikuwa nimekasirika, lakini pia nilikuwa nimeanza kufurahia namna ile ya kukataliwa. Baba alikuwa akinisifu miaka yote bila kunibadilisha chochote. Mama alinikataa siku tano, na mikono yangu ikawa mikono mingine. Alhamisi jioni nilimaliza, nikaliweka chini ya mtungi. Asubuhi nilipoamka mama alikuwa ameshaondoka kwenda zamu ya mapema, na daftari lilikuwa halina mshale. Lakini mtungi ulikuwa bado juu yake, maji yamejaa vilevile. Hakuwa amelitazama.

Basi nilipoliweka mezani pa Madamu Nasieku, hakuna aliyekuwa ameniambia kitu. Nililigeuza mwenyewe, nikapitisha kidole gumba changu kwenye uti, nikavuta uzi. "Hii," nilisema. Alilitazama kwa muda, akaniandika jina.

Maonyesho yalikuwa Alhamisi iliyofuata, katika uwanja wa shule moja Kajiado mjini, upepo ukipeperusha vumbi na vitambaa vya meza. Kulikuwa na vinyago vya udongo, mikeka, gari la waya lenye usukani unaozunguka. Nilikuwa nimeanza kulipanga daftari langu kando ya kadi yenye jina langu wakati bwana mmoja mwenye tai alipokuja anahema. Watu wameanza kufika, alimwambia Madamu Nasieku, na kitabu cha wageni kimesahaulika. Macho yake yakatua mezani. Alilichukua daftari langu, akalifungua katikati, likalala wazi lenyewe bila kushikiliwa.

"Nani ametengeneza hii? Tutumie?"

Madamu Nasieku alinigeukia mimi. Ilinibidi nichague. Sikuwahi kuandika ndani ya daftari langu lolote, sembuse kuwaachia watu nisiowajua wenye vidole vya vumbi na kalamu zinazovuja. Na likiondoka mezani, waamuzi wakipita wataona kadi tupu. Lakini lilikuwa limeitwa kazini, na nguo za mama hazikushonwa zikae ndani ya katoni.

"Tumieni," nilisema.

Lilipigiwa mistari kwa rula: jina, anakotoka, maoni, sahihi. Siku nzima nilisimama karibu na meza ile ya mlangoni kama mlinzi. Wazazi waliandika, walimu wakaandika, mzee mmoja aliyetoka Loitokitok aliegemea uti kwa kiwiko kizima nikafumba macho. Waligeuza kurasa kwa mate. Upepo ulizipiga. Hakuna karatasi iliyochomoka wala uzi uliolegea. Waamuzi walipita kwenye meza yetu, wakaona kadi isiyo na kitu, wakasonga. Kiondo cha Mwende kilikuwa cha pili, na alipotoka jukwaani alinikimbilia mimi kwanza kuniambia, jina lile la darasani likafia hapo. Mimi sikupata chochote, na sijawahi kujivuna siku moja kama siku ile.

Ilikuwa alasiri nilipomwona baba akija kutoka upande wa ofisi, anapunga mkono kwa watu wote, na kando yake yuko mama. Alikuwa na aproni yake ya kazi bado. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, amepanda peke yake basi la Namanga linalopitia Kajiado, bila kuniambia. Baba aliandika haraka, akajaza nafasi yote ya maoni na kuvuka mstari. Kisha kalamu ikafika kwa mama.

Hakuandika. Alilifunga daftari, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye uti toka juu hadi chini. Akalifungua mwanzo, katikati, mwisho. Akaingiza ukucha chini ya uzi na kuuvuta. Akachungulia ndani ya uti, pale pasipoonekana. Foleni ikarefuka nyuma yake, na mtu mmoja akasema kwa upole, "Mama, ni kuandika tu."

"Ngoja kidogo," mama alijibu bila kugeuka. "Niko kazini."

Alipomaliza aliandika jina lake polepole, akaandika Kitengela, na chini ya maoni akaandika neno moja: Imepita. Akatia sahihi. Halafu akaninyooshea kalamu na kusema, "Na wewe fundi, mbona hujaandika?"

Mstari uliofuata ulikuwa mtupu na watu walikuwa wanangoja. Niliandika jina langu chini ya lake. Chini ya maoni niliandika: Hii nilitengeneza mimi.